Maungamo yangu yalikuwa halali kweli?

Mimi ni mwanasheria wa Kanisa, na swali hili naulizwa mara kwa mara, karibu siku zote na mtu anayempenda Mungu kwa dhati. Padre alinong'ona, hakumsikia vizuri. Dhambi moja imemjia akilini akiwa ameshatoka kanisani. Au amepata habari mbaya za padre aliyemwungamisha, na sasa hana amani.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi. Mtakatifu Agostino alikwisha kuwajibu Wadonatisti, kundi lililodai kwamba sakramenti za mhudumu mwovu ni batili: atendaye katika sakramenti ni Kristo, kwa hiyo uovu wa mhudumu hauibatilishi. Anayekuungamisha awe padre kweli, awe na mamlaka ya kuungamisha (kanuni ya 966 ya Sheria za Kanisa), na atamke, "Nami ninakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akiruka sala inayotangulia, au ulimi ukateleza kidogo, sakramenti ipo. Akikupa baraka tu bila maneno hayo, hapo pana kasoro ya kweli. Mwombe palepale, kwa heshima, ayatamke. Kuhusu mamlaka, waamini wakikosea kwa pamoja wakidhani padre anayo, Kanisa lenyewe huyajaliza kwa kanuni ya 144. Na katika hatari ya kifo padre yeyote anaweza kuondolea dhambi.

Kwa upande wa anayeungama, kusahau na kuficha ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba dhambi iliyosahaulika baada ya kutafiti dhamiri kwa makini imesamehewa pamoja na zile zilizotajwa. Ikiwa ni ya mauti, yaani dhambi nzito iliyotendwa kwa kujua na kwa hiari, utaitaja maungamo yajayo. Wala usijizuie Komunyo kwa sababu hiyo. Aliyeficha dhambi ya mauti kwa makusudi hakupata maondoleo. Ndugu yangu, kama ni wewe, rudi. Mwambie padre, "Niliwahi kuficha dhambi," naye atakusaidia kuyapitia upya maungamo yale na yaliyofuata. Siri ya kitubio, inayomkataza padre kufichua ulichoungama, inakulinda.

Machozi hayadaiwi. Hata majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuogopa adhabu, yanatosha ndani ya sakramenti, mradi unaichukia dhambi na unakusudia kuiacha. Kuanguka tena wiki inayofuata si ushahidi kwamba kusudi lilikuwa la uongo.

Mashaka mengine hayaponi kwa maelezo. Mwaka 1522 Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa baadaye wa Wajesuiti, aliungama katika monasteri ya Montserrat, Hispania, kwa siku tatu, tena kwa maandishi, lakini alipofika mji wa jirani wa Manresa akateseka akidhani kuna alichoacha. Muungamishi alimwambia asirudie ya zamani isipokuwa yaliyo wazi. Kwake yote yalionekana wazi, mateso yakaendelea. Alipoamua kutoungama tena jambo lolote la zamani, dhiki hiyo ilimwacha. Ukijitambua humo, chagua muungamishi mmoja, mweleze hali yako, na akikuambia usirudie, mtii.