Acheni kuvuta kichwa cha chaja

Jumamosi nimeletewa gari jingine la umeme limebebwa, tundu lake la chaji limepasuka upande mmoja. Mwenyewe, mlinzi na jirani walivuta kwa zamu, kisha ikaletwa bisibisi. Hili ni la tatu mwaka huu hapa Mombasa, na wote watatu wameingia gereji na kauli ileile: "Fundi, chaja imeshika gari."

Jamani, kwenye tundu la Taipu 2, lile lililo kwenye magari mengi ya umeme yanayotoka Uingereza, gari ndilo linaloshika chaja. Ndani ya gari, pembeni mwa tundu, kuna pini ya kufuli inayosukumwa na kimota kidogo. Kichwa cha waya kina kishimo tu cha kupokea pini hiyo. Ndiyo maana ukizima swichi kuu ya nyumba, au hata ukiing'oa chaja ukutani, kichwa kitabaki palepale. Kuzima umeme ni vizuri kwa usalama, lakini hakufungui kufuli. Ukitumia waya wa kubeba kwenye kituo cha chaji, basi una kufuli mbili, moja ya gari na moja ya kituo, na kila moja ina mwenyewe. Vituo vingine vimeundwa viachie umeme ukikatika, vingine vinabaki vimeshika hadi urudi.

Sasa hili la kuvuta. Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye mlango wa komeo anajua kwamba mtu akiuvuta mlango kutoka nje, komeo halitoki hata ulisukume vipi. Inabidi aulegeze mlango kwanza, ndipo komeo liteleze. Pini ya gari ni komeo hilohilo, tofauti ni kwamba anayelisukuma ni kimota chenye nguvu ya kutosha kusogeza pini iliyo huru, basi. Ukivuta kichwa huku unabonyeza rimoti, unaibana pini kwenye ukingo wa kishimo. Kimota kinajaribu, kinashindwa, gari linaandika hitilafu kwenye kioo cha dashibodi, nawe unaamini imeganda zaidi, unavuta zaidi. Hata usipovuta, waya wenyewe ni mzito, na ukining'inia bila kushikiliwa unakivuta kichwa chini na kuibana pini vilevile.

Kichwa cha lile gari la Jumamosi bado kiko mezani kwangu. Ukingo wa kishimo umechubuka, na plastiki imejikunja kama ganda la embe lililokwanguliwa na kijiko. Upande wa gari, pini imepinda kidogo tu. Kupinda huko kidogo kunatosha isirudi tena kwenye njia yake.

Wiki iliyotangulia mama mmoja wa Nyali alinipigia kabla ya kuita mtu wa kuvuta. Nikamwambia, "Mama, achia kwanza. Sukuma kichwa ndani kama unakichomeka upya. Kinyanyue kidogo kwa mkono wa kushoto. Sasa bonyeza kufungua milango yote." Nikasikia kwenye simu: tak. "Kimetoka, fundi." Dakika mbili, na sikutoka gereji.

Kama hilo halikufanya kazi, simamisha chaji kwenye kioo cha dashibodi au kwenye programu ya simu, subiri dakika moja, funga milango, fungua tena. Magari mengine hayaachii kichwa ukifungua mlango wa dereva peke yake.

Bado? Pima betri ndogo ya volti 12. Watu hawaniamini nikisema hivi, kwa sababu gari lina betri kubwa iliyojaa. Lakini gari likilala, betri kubwa hujitenga, na kimota cha kufuli kinategemea ile ndogo. Nikikuta volti 11 na ushei, huwa sigusi kufuli kwanza. Naipa betri nguvu, halafu najaribu tena.

Kitabu kitakwambia kimota kikikataa kimekufa, badilisha. Mimi nimeshaona kimota nilichokihukumu kikifanya kazi baada ya gari kukaa kivulini nusu saa. Nadhani joto lilitanua plastiki, lakini wakati huohuo nilikuwa nimeuegemeza waya kwenye stuli, kwa hiyo siwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichosaidia. Siku hizi nafanya vyote viwili.

Kuna kamba ya dharura ya kufungua kufuli kwa mkono kwenye magari mengi, nyuma ya kitambaa cha buti au chini ya boneti, kutegemea tundu liko wapi. Itafute leo, siyo siku umekwama. Na usiivute kamwe kwenye chaji ya haraka kabla chaji haijasimama kabisa. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo, na hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Ule wa chaji ya haraka haupiti sifuri, ni mamia ya volti mfululizo, na cheche yake ikiwaka inaendelea kuwaka mkononi mwako.

Wenye Nissan Leaf za kutoka Japani, yenu ni habari nyingine. Kichwa cha chaji ya haraka cha CHAdeMO kina kufuli yake ndani, kwa hiyo hapo chaja ndiyo inayoshika kweli, na mtu wa kumpigia ni mwenye kituo. Kile cha Taipu 1 cha nyumbani kina ulimi na kitufe cha kidole gumba. Mchanga na chumvi ya bahari vikiingia chini ya ulimi, kitufe kinabonyea lakini ulimi haunyanyuki. Kisafishe kwa brashi kavu. Msipulizie mafuta, maana yanakamata vumbi, na baada ya mwezi mtanirudia.

Gari la Jumamosi linasubiri tundu jipya. Mwenyewe ameniomba niifunge pini kwa waya wa binding ili isishike tena. Nimemkatalia. Gari lisipopata taarifa kwamba kufuli imefunga, linakataa kuchaji.