Kuongeza miaka hakushushi rejesho kama unavyodhani

"Basi niongezee miaka, rejesho lishuke." Mwombaji wa mkopo wa nyumba akishaona hesabu yake, ombi linalofuata ni hilo, na wiki hii nimelisikia hata kwa mhasibu. Tafadhali, tukae kwenye namba.

Hapa Tanzania mikopo hii huenda kwa riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Tuchukue 15, kwa salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, mkopo wa shilingi milioni 100. Kwa miaka 15, rejesho la mwezi ni kama 1,400,000. Kwa 20 ni 1,317,000. Kwa 25 ni 1,281,000. Yaani kutoka 20 kwenda 25 umepunguziwa 36,000 kwa mwezi, huku jumla utakayolipa ikipanda kutoka milioni 316 hadi 384. Milioni 68 zimekwenda kwa sababu ya 36,000!

Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 1,250,000. Rejesho haliwezi kushuka chini ya hapo hata upewe miaka mia, maana deni lingeanza kukua. Ndiyo maana kwenye miaka 20, mwezi wa kwanza deni la msingi, yaani zile ulizokopa bila riba, linapungua kwa 67,000 tu. Mwaka wa tano ukiisha umeshalipa milioni 79 na bado unadaiwa milioni 94. Hapo watu husema benki imewaibia. Haijaiba, yote yamo kwenye jedwali la marejesho, ambalo karibu hakuna anayelisoma.

Nadhani imani hii tumeletewa na ndugu walioko Ulaya. Kwa riba ya asilimia 5, kutoka miaka 15 hadi 25 rejesho hushuka kutoka 791,000 hadi 585,000, kwa hiyo huko wanashauri vema. Kwetu, tangu TMRC, kampuni inayozikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ianzishwe mwaka 2010 kuzipa fedha za muda mrefu, miaka tumeipata. Riba ndiyo bado.

Kinachosaidia ni kulipa zaidi, na mapema. Ongeza 200,000 kila mwezi tangu mwanzo: mkopo wa miaka 20 unaisha kabla ya 12, na unaokoa zaidi ya milioni 100. Ila andika barua kwamba ziada ipunguze deni la msingi, isije ikakaa kwenye akaunti ikingoja rejesho lijalo. Uliza pia tozo ya kulipa kabla ya muda, kabla hujasaini.

Ninapokwama ni kwa mtumishi anayebanwa na sharti la kubakiwa na theluthi ya mshahara baada ya makato. Kwa miaka 15 hapiti, kwa 20 anapita. Nimwambie asubiri, na bei za nyumba zinapanda? Sina jibu linaloniridhisha. Kwa kawaida namshauri achukue 20, apandishe rejesho kila mshahara unapopanda, ingawa najua wengi hawapandishi. Akiomba 25 nambishia, tukigombana tugombane.