Mboga ya asili, na maji ya tumbaku

Wengi Tabora huamini kwamba mchicha uliokuzwa bila dawa ya dukani hauna sumu yoyote. Imani hii ina msingi: mazao ya kilimo hai kwa kawaida hubeba mabaki machache ya viuatilifu. Kwa vitamini, tofauti ni ndogo.

Tatizo ni kudhani kwamba cha asili hakidhuru. Huku tumbaku ipo tele, na wapo wanaoloweka majani yake usiku kucha, wakachuja, wakanyunyizia vidukari. Maji hayo yana nikotini, sumu kali inayopenya hata kwenye ngozi. Anayenyunyiza bila glavu anaweza kupata kizunguzungu na kutapika. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinaikataza, ingawa inatoka shambani. Isitoshe, maji yaliyolowekwa bila kuchemshwa yanaweza kuhamishia virusi vya batobato kwenye nyanya na pilipili: jani linakuwa na mabaka, kijani kilichopauka kando ya kilichokolea.

Samadi nayo, ikiwa mbichi, hubeba vijidudu na mayai ya minyoo. Kanuni hizohizo zinataka ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo.

Basi sokoni muulize muuzaji: umenyunyizia nini, lini, na samadi iliiva? Nyumbani osha jani mojamoja kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua upande wa chini, kwenye mishipa. Hapo ndipo uchafu hung'ang'ania.