Magofu ya Tongoni si kazi ya Waajemi

Ukifika Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, utaambiwa msikiti na makaburi yale yalijengwa na mafundi waliovuka bahari kutoka Uajemi. Hadithi tamu, ila kuta zenyewe zinaikanusha. Kwamba wageni walikuja, wakaoa na kuzaa huku, hilo halina ubishi. Ufundi ni jambo jingine.

Mawe ni matumbawe ya papa hapa, yameshikwa kwa chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo. Kwa michongo ya mihrabu (kibla cha msikiti, anaposimama imamu), mafundi wa pwani walikata matumbawe mabichi baharini: yakiwa na maji huchongeka, yakikauka huwa magumu. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazina urefu mkubwa, na ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba, kama mita 3 hivi.

Halafu kuna makaburi yenye nguzo, yaliyopachikwa bakuli za kauri (nyingi zimeshang'olewa, bahati mbaya). Makaburi ya namna hiyo ni ya pwani yetu, tangu Somalia hadi Tanzania. Uajemi huyakuti. Na katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, wanaakiolojia walipochimba chini ya msikiti wa mawe walikuta mingine ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8.