Maji yasiyotokota nayo huivisha: dhana potofu kuhusu kuku wa Kichina wa kuchemshwa

Watu wa Guangdong, kusini mwa China, wana msemo kwamba karamu isiyo na kuku haijawa karamu. Na kuku huyo, kwenye meza nyingi za Mwaka Mpya wa Kichina, hakaangwi wala hachomwi. Huivishwa mzima ndani ya maji ya moto, akapoozwa, akakatwa vipande pamoja na mifupa yake kwa kisu kipana, akapangwa sahanini akiwa mweupe, na pembeni kibakuli cha tangawizi na mafuta. Wakantoni, ndio watu hao wa Guangdong, humwita baak chit gai; hapa tumwite kuku mweupe. Kisiwani Hainan kuna ndugu yake, kuku wa Wenchang, ambaye mapishi yake wahamiaji walikwenda nayo Singapore na Malaysia, na huko yakawa msingi wa wali wa kuku unaouzwa karibu kila mtaa. Yupo pia kuku wa sosi ya soya, anayeivishwa taratibu kwenye mchuzi mweusi wenye viungo.

Vitu vinavyohitajika ni vichache mno, kwa hiyo hakuna pa kuficha kosa. Sisi tuliokulia kwenye kuku wa kuchemshwa hadi nyama iachane na mfupa tunaingia jikoni na mazoea yetu, na mazoea hayo ni sahihi kabisa kwa jogoo wa miaka miwili. Kwa kuku huyu hayafai.

“Maji lazima yatokote, ndipo kuku aive”

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Kinachoivisha nyama ni joto na muda. Mapovu yanaonyesha tu kwamba maji yamefika ukomo wa joto lake. Protini za nyama ya kuku huanza kubadilika kwenye nyuzijoto 50 hivi, na joto likipita 65 misuli hujikaza na kukamua maji yaliyomo. Kidari kikifika 74 kimeshaiva. Kikipelekwa hadi 90 hakiivi zaidi, kinakauka tu, na kinakauka hata kikiwa kimezama kwenye sufuria iliyojaa. Watu wengi hawaamini kwamba nyama inaweza kukauka ndani ya maji, lakini maji ya nje hayaingii kufidia yaliyokamuliwa. Ndiyo maana kidari cha kuku aliyetokoteshwa kwa nguvu huwa kama kamba za katani, huku ngozi ikiwa imechanika mapajani.

Wapishi wa Kikantoni hutaka maji yawe kati ya nyuzi 80 na 90. Kwa macho, uso wa maji unatikisika na kipovu kimoja kimoja kinapanda kando ya sufuria. Neno “yametokota” lenyewe halina maana moja kila mahali: Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu, hutokota kwenye 94 hivi. Kipimajoto cha jikoni, kile chenye ncha ya kuchoma, kinamaliza ubishi huu. Kwa maoni yangu ni cha lazima kuliko kisu kipana cha Kichina ambacho watu hukimbilia kununua kwanza.

Kuna na ile desturi ya kumshika kuku shingo au miguu, kumchovya kwenye maji ya moto, kumwinua maji ya tumboni yamwagike, kisha kurudia, mara tatu kwa jumla, ndipo aachwe azame. Wengine huiona kama madoido ya wapishi wa hotelini. Ina sababu: maji ya kwanza yanayoingia tumboni hupoa papo hapo kwa ubaridi wa mifupa, na yakikwama humo kuku huiva nje huku ndani akibaki nyuma. Kumwinua ni kuyabadilisha.

“Basi zima moto, funika, ondoka”

Ukiwatoa watu kwenye dhana ya kwanza, wengi huangukia hii. Ni kweli mapishi mengi husema zima moto na uache kuku aive kwa joto lililobaki. Yasichosema mara nyingi ni ukubwa wa sufuria. Piga hesabu. Kuku wa kilo moja na nusu aliyetoka kwenye friji akiwa na nyuzi 5, ukimtia kwenye lita tatu za maji yenye nyuzi 95 na kuzima moto, yeye na maji yake watakutana kwenye nyuzi 69 hivi, hata kama sufuria haikupoteza joto lolote, na sufuria zote hupoteza. Ukitumia lita sita, watakutana karibu na 80. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha chakula na maradhi ya tumbo.

Kwa hiyo: maji mengi, kuku aliyekwisha kutoa ubaridi wa friji (aliyeganda hafai hata kidogo, ayeyuke mpaka ndani), na moto usizimwe mara moja. Baada ya kumzamisha, rudisha maji hadi yaanze tena kutikisika, yaache kwa moto mdogo kabisa dakika 15 hivi, kisha zima, funika, na umwache nusu saa. Halafu choma kipimajoto sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Shirika la Afya Duniani hutaja nyuzi 70 kuwa joto la kufikia katikati ya chakula. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutaja 74 kwa kuku. Hapajafika? Washa moto tena. Dakika nilizotaja ni za kuanzia tu, kipimajoto ndicho kinachoamua.

“Maji ya moto sana mwanzoni huufungia utamu ndani”

Wazo hili lilivumishwa na mkemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, mwaka 1847. Alidhani joto kali hutengeneza gamba linalozuia majimaji ya nyama yasitoke. Gamba hilo halipo, na majaribio ya baadaye yameonyesha hivyo. Kuku hutiwa kwenye maji ya moto kwa sababu nyingine: ngozi hujivuta na kukaa vizuri, na nyama haikai muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao bakteria huupenda.

“Wekundu kwenye mfupa ni damu, huyo ni mbichi”

Hapa ndipo sahani hurudishwa jikoni. Kuku mweupe wa Kikantoni akikatwa, ndani ya mfupa wa paja huonekana uboho mwekundu, na walaji wa huko huuona kuwa alama ya mpishi aliyejua kusimama kwa wakati. Mgeni huona damu.

Rangi hiyo hutoka kwenye uboho. Mifupa ya kuku mchanga haijakomaa, ina vitundu vidogo vingi, na rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama iliyo jirani. Broila, ambaye kwa kawaida huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, huonyesha wekundu huu sana, na aliyegandishwa huuonyesha zaidi. Nyama ya karibu na mfupa inaweza kuwa ya waridi ilhali imepita nyuzi 74. Na kinyume chake ni kweli: nyama inaweza kuwa nyeupe kabla haijafika kwenye joto salama. Ule mtihani wa kuchoma paja na kutazama kama majimaji ni meupe nao hauna uhakika.

Lakini tusijidanganye. Wapo wapishi wa jadi wanaosimama mapema kuliko joto linaloshauriwa, kwa kutegemea kuku mbichi wa siku hiyo hiyo na uzoefu wa mkono. Nyumbani, hasa kukiwa na watoto, wazee au mama mjamzito, fikisha 74 pajani. Ukiivisha taratibu kidari hakitaharibika kwa kufika huko.

“Kuku wa kienyeji ni bora kwa kila pishi”

Ndiyo na hapana. Ladha anayo, hilo halina mjadala. Lakini kuku anavyozeeka, ndivyo kano na tishu zinazounganisha misuli zinavyozidi kufungamana, na hizo hulainika kwa joto la juu na saa nyingi tu. Tembe aliyetaga misimu miwili, ukimwivisha kwa nyuzi 85 kwa dakika 45, utamtafuna hadi alasiri. Wachina wenyewe hawamtumii hivyo. Kuku jike mzee kwao ni wa supu, achemke saa mbili tatu, na nyama yake mara nyingi si ndiyo inayotafutwa.

Kwa kuku mweupe wanapenda aina kama Wenchang wa Hainan au Qingyuan wa Guangdong: kuku wadogo, wenye mafuta membamba chini ya ngozi, waliofugwa muda mrefu kuliko broila. Wenchang kwa desturi hunenepeshwa mwishoni kwa vyakula kama mashudu ya karanga na machicha ya nazi, jambo ambalo mfugaji wa Tanga au Kilifi angelielewa bila mkalimani. Ukitafuta wa kulingana naye sokoni, omba mtetea ambaye hajaanza kutaga, au chotara wa miezi minne mitano. Pora naye anafaa, ila ngozi yake haina mafuta mengi. Ukikosa hao, broila mdogo wa kilo moja na robo si aibu. Ana ladha hafifu, kwa hiyo mpake chumvi na umwache usiku kucha kwenye friji kabla ya kumpika.

“Osha kwa ndimu, uue vijidudu”

Ndimu na siki hupunguza harufu. Haziui bakteria kwa kiwango cha kutegemewa, na maji ya bomba yakirukaruka juu ya kuku mbichi husambaza bakteria kama salmonela na kampilobakta kwenye sinki, kachumbari na taulo. Kinachoua ni moto. Kama roho haitulii bila kuosha, na najua wengi haitulii, tumia beseni la maji yaliyotulia, kisha safisha kila kilichoguswa.

Hatari inayosahaulika ipo upande wa pili, baada ya kuku kuiva. Huyu kuku huzamishwa kwenye maji ya barafu. Watu husema ni kwa ajili ya kumpooza tu, lakini maji hayo husimamisha uivaji, hukaza ngozi iwe na mkato, na hugandisha utomvu wa chini ya ngozi uwe kama jeli. Bila hatua hiyo hujala kuku mweupe. Sasa fikiria barafu iliyogandishwa kutoka maji ya bomba yasiyochemshwa: umechukua nyama salama ukairudishia vijidudu. Barafu iwe ya maji ya kunywa, beseni liwe safi, na ubao wa kukatia usiwe ule wa kuku mbichi. Akishakatwa, asikae mezani zaidi ya saa mbili.

“Hana ladha, ni chakula cha mgonjwa”

Anayesema hivi kwa kawaida amemla bila kitoweleo chake. Pondaponda tangawizi, katakata vitunguu vya majani, tia chumvi ya kutosha, kisha mwagia mafuta yaliyopashwa hadi yaanze kutoa moshi mwembamba. Yatalia, na jikoni kutanukia. Chumvi ya pishi zima imo humo, kwa hiyo usiionee haya. Hainan huongeza pilipili iliyosagwa na ndimu. Sichuan humchukua kuku yule yule aliyeivishwa hivyo hivyo na kumzamisha kwenye mafuta mekundu ya pilipili pamoja na pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimi.

“Lazima kuwe na pombe”

Hapana. Kuku mweupe anahitaji maji, tangawizi na vitunguu vya majani. Divai ya Shaoxing, yaani divai ya mchele ya Kichina, ni ya lazima kwa “kuku mlevi” wa mashariki mwa China, anayelowekwa kwenye divai hiyo, na huyo ni pishi jingine. Kwenye mapishi mengine ni kijiko kimoja viwili ambavyo unaweza kuviacha.

“Sosi ya soya nyeusi zaidi ndiyo yenye chumvi zaidi”

Kinyume chake ndicho kilicho karibu na ukweli. Ile nyepesi ndiyo ya chumvi, nyeusi ni ya rangi na ina utamu kidogo. Kuku wa sosi ya soya hutumia zote mbili, pamoja na sukari, tangawizi, mdalasini na anisi nyota. Usitarajie rangi ipenye hadi mfupani. Hukaa kwenye ngozi, na nyama ya ndani hubaki nyeupe hata mikononi mwa mabingwa.

Mchuzi wake haumwagwi. Wengine huona kinyaa kuutumia tena, lakini ukichujwa, ukatokoteshwa kweli kweli, ukapoozwa haraka na kugandishwa, hutumika tena na tena, kila mara ukiongezewa maji, soya na viungo. Ukiuacha juu ya jiko usiku kucha, umwage.

“Maji aliyoivia kuku mweupe ni supu tayari”

Bado ni mepesi, kwa sababu uivaji wa taratibu huacha utamu kwenye nyama. Povu la kijivu juu yake si uchafu, ni protini iliyoganda. Liengue tu ili maji yawe safi. Kisha rudisha humo miguu, shingo na mgongo, na hapa sasa acha yatokote saa nzima. Pikia wali, ukianza kwa kuukaanga mchele kidogo kwenye mafuta ya kuku mwenyewe na kitunguu saumu. Kinachobaki kitie chumvi na ukinywe kikiwa cha moto pamoja na wali huo.