Nasaba Haipigi Kabari: Dhana Potofu Kuhusu Magwiji na Mikanda ya Jiu-Jitsu ya Brazili

Vijana wanaokuja kujiandikisha kwangu kujifunza jiu-jitsu ya Brazili, sanaa ya kupambana chini kwa kukaba na kubana viungo, siku hizi huuliza swali moja kabla hata ya kuuliza ada ni kiasi gani: "Mwalimu, nasaba yako inatoka kwa Gracie yupi?" Gracie ni ukoo wa Kibrazili ulioipa sanaa hii umaarufu, na nasaba ni mnyororo wa walimu, nani alimfundisha nani. Nikiwatajia jina lisilo la ukoo huo, nyuso hubadilika, na wengine huaga kwa adabu wasirudi tena. Hawajaniona nikifundisha, hawajamwona mwanafunzi wangu hata mmoja akicheza, lakini wamekwisha kutoa hukumu kwa sababu ya mnyororo wa majina waliousoma kwenye simu. Nimejibu swali hili kwa upole kwa muda mrefu. Leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na mengine machache yanayoandamana nalo.

"Jiu-jitsu isiyo ya Gracie ni bandia"

Hadithi inayorudiwa ni fupi na inavutia. Jigoro Kano alianzisha Kodokan, shule ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882. Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alizunguka dunia akipigana kwa jina la Conde Koma, akafika Brazili mwaka 1914 na hatimaye akafanya makao Belém, kaskazini mwa nchi hiyo, alikofariki mwaka 1941. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie, Carlos akawafundisha ndugu zake, na mdogo wao Hélio akaikamilisha sanaa. Kila kiungo cha mnyororo huu kina ukweli ndani yake. Kosa huanza pale watu wanapoushika kana kwamba ndio mnyororo pekee, ulioshuka bila kukatika wala kuchanganyika na kitu, mithili ya silsila ya tarika ambayo asiyemo ndani yake huhesabiwa kuwa mtu wa nje.

Maeda hakuwa Mjapani pekee aliyefundisha Brazili. Mwenzake wa safari, Soshihiro Satake, alifundisha Manaus. Geo Omori alifundisha São Paulo, na ndugu wawili wa ukoo wa Ono walifanya hivyo katika mji huohuo. Mmoja wao, Yasuichi, alipambana na Hélio katika miaka ya 1930 bila mshindi kupatikana. Hata ndani ya Belém, Maeda hakumshika mkono kila mwanafunzi yeye mwenyewe. Jacyntho Ferro, mwanafunzi wake aliyeiva mapema, alibeba sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha, na watafiti wa karibuni wanaona kwamba mengi aliyoyajua Carlos yalipitia kwake. Simulizi la familia huweka mwanzo wa chuo chao mwaka 1925, ilhali magazeti ya Rio de Janeiro yanaonyesha chuo kikifunguliwa mwaka 1930 na Donato Pires dos Reis, Carlos na ndugu yake George wakiwa wasaidizi. Hayo hayawapunguzii Gracie heshima yao hata chembe. Yanaonyesha tu kwamba sanaa hii ilipita mikononi mwa watu wengi, na kwamba familia moja iliisimulia vizuri kuliko wote.

Halafu kuna Oswaldo Fadda, ambaye jina lake napenda kumtajia kila anayeniuliza swali lile. Fadda alifundishwa na Luiz França, mwanafunzi wa Maeda, bila Gracie yeyote kuingia katikati. Mwaka 1950 alifungua chuo chake Bento Ribeiro, kitongoji cha Rio kilicho mbali na fukwe za matajiri, na aliwafundisha wasiokuwa na uwezo bila kuwatoza ada. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 aliwatangazia Gracie changamoto hadharani, timu mbili zikakutana, na timu ya kitongojini ikashinda. Silaha yao kubwa ilikuwa mbinu za kubana mguu, ambazo wakati huo zilidharauliwa na wengi mjini. Anayeidharau mbinu hiyo hajawahi kuwekwa ndani yake: mwenzako anakifungia kifundo chako kwapani, mfupa wa kigasha chake unakaa sawasawa juu ya ukano wa kisigino, kisha ananyanyua kiuno polepole, nawe unagonga mkeka kukubali kushindwa kabla hujamaliza kujiuliza uchungu umetokea wapi.

Matawi haya hayakubaki mbalimbali. Nova União, timu iliyotoa mabingwa wengi wa dunia, ilianzishwa na watu wawili: André Pederneiras, aliyepata mkanda mweusi kwa Carlson Gracie, mtoto wa Carlos, na Wendell Alexander, anayetoka katika tawi la Fadda. Basi mwanafunzi aliyepitia mikononi mwa wote wawili anaweza kuhesabu majina hadi kwa Maeda kwa njia mbili, moja ikipitia nyumba ya Gracie na nyingine isiyoigusa kabisa. Ningependa yule anayesema nusu ya ujuzi wa mtu huyo ni bandia aje mkekani atuonyeshe ni nusu ipi.

Kuna hoja nyingine ambayo huwa naitoa nikiona mtu bado anashikilia. Nasaba haikuwahi kumlinda hata mwenye nasaba. Mwezi Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio, mwanajudo wa Kijapani Masahiko Kimura alimvunja Hélio mkono kwa mbinu ambayo Wabrazili wenyewe waliipa jina la Kimura, na hadi leo ndivyo inavyoitwa katika kila ukumbi. Huo ndio ustahiki ninaouelewa: walimpa heshima mtu aliyewashinda, mgeni, asiye wa damu yao wala wa chuo chao. Mwaka 1955 Hélio alipambana na Waldemar Santana, mwanafunzi wake wa zamani, na baada ya zaidi ya saa tatu na nusu ni mwalimu aliyeshindwa. Heshima ya ukoo ilirejeshwa mwaka uliofuata na Carlson, aliyemshinda Santana kwa mazoezi na ubavu wake. Carlson huyohuyo ndiye baadaye aliyefungua milango ya chuo chake kwa vijana wasio na jina wala fedha, na wengi wao wakawa mabingwa.

Nisieleweke kwamba nasaba haina kazi. Kazi yake ni udhamini: mtu fulani mwenye sifa aliniona nikifanya mazoezi kwa miaka, akanifunga mkanda kiunoni mbele ya watu, na jina lake limo hatarini nikifanya upuuzi. Kwa hiyo muulize mwalimu aliyemfunga mkanda mweusi ni nani, mtafute mtu huyo, mpigie simu au mwandikie, naye akithibitisha, suala la nasaba liishie hapo. Baada ya hapo omba kukaa pembeni utazame darasa zima. Tazama wenye mkanda wa kahawia, walio hatua moja chini ya mweusi, wanavyocheza na wenye mkanda mweupe, yaani wanaoanza. Wakiwaponda kwa ajili ya kujifurahisha, chuo hicho hakikufai hata kama ukutani kuna picha ya Carlos na Hélio yenye ukubwa wa mlango. Mimi mwenyewe huziinamia picha hizo nikiingia ukumbini na sioni tabu yoyote. Nakataa tu zitumike kama risiti.

"Hélio aliibuni mwenyewe kwa kuwa alikuwa dhaifu"

Mchango wa Hélio ni mkubwa, hasa katika subira, kujilinda ukiwa chini, na kumfundisha mtu mdogo namna ya kuishi chini ya mtu mzito. Lakini mapambano ya chini hayakuzaliwa nyumbani kwake. Kabari ya pembetatu, ile inayokazwa kwa miguu, ilikuwa ikitumiwa na wanafunzi wa vyuo vya Japani katika mashindano ya judo ya miaka ya 1920. Isitoshe, mpiganaji aliyezunguka majukwaa mengi zaidi katika ukoo huo miaka ya 1930 alikuwa kaka yake, George, ambaye leo wanaovaa fulana zenye jina la Gracie wengi hawamjui.

"Maeda alileta sanaa ya siri ya samurai"

Alileta judo ya Kodokan, iliyokuwa na umri wa miaka isiyozidi 35 alipofika Brazili, pamoja na uzoefu wa kupambana na wanamieleka na mabondia wa nchi nyingi. Wakati ule majina judo na jiu-jitsu yalitumika kwa kubadilishana, ndiyo maana jina la zamani lilibaki Brazili. Hakuna siri hapo.

"Rangi za mikanda zimerithiwa tangu kale"

Huyu mzee Hélio wa kwenye picha, huuliza vijana, mbona amevaa mkanda wa buluu? Wanadhani picha imechezewa. Haikuchezewa. Mpaka miaka ya 1960 chuo cha Gracie kilikuwa na rangi tatu tu: nyeupe kwa wanafunzi, buluu ya maji kwa wakufunzi wasaidizi na buluu iliyokoza kwa walimu. Mpangilio wa rangi wa leo ulianza kuwekwa mwaka 1967 na shirikisho la jimbo la Guanabara, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mji wa Rio. Hélio katika uzee wake alikuwa akivaa buluu yake iliyokoza kwa makusudi, ingawa alikuwa na haki ya kuvaa nyekundu, kwa sababu hakupendezwa na yale aliyoona yakifanyika kwa mikanda. Mwanafunzi wangu mmoja alisisitiza kwamba alikuwa ameshushwa cheo. Nilimpa zoezi la kuruka chura.

"Mkanda mweusi ni lazima miaka 10"

Kwa wengi huchukua karibu muda huo, na sioni ubaya wowote, lakini hiyo si kanuni. IBJJF, shirikisho linaloendesha mashindano makubwa zaidi ya sanaa hii, huweka muda wa chini wa miaka 2 katika mkanda wa buluu, mwaka mmoja na nusu katika zambarau na mwaka 1 katika kahawia, na umri usiopungua miaka 19 kwa mweusi. B.J. Penn alipewa mkanda mweusi na Pederneiras baada ya takriban miaka mitatu ya mazoezi, na mwaka 2000 akawa mtu wa kwanza asiye Mbrazili kutwaa ubingwa wa dunia katika mkanda huo. Kabla hujaanza kujilinganisha naye, kumbuka kwamba alikuwa akishinda mkekani asubuhi mpaka jioni, ilhali wewe huja mara mbili kwa wiki na wiki ya mvua huonekani. Vivyo hivyo kuhusu ile mistari minne ya plasta nyeupe kwenye ncha ya mkanda: ni njia ya mwalimu kukuambia kwamba ameona unasonga mbele, na vyuo vingine havitoi kabisa. Acheni kunifuata chooni kuniulizia mstari wa tatu.

"Mwenye mkanda mwekundu anawapiga weusi wote"

Dhana hii huja pamoja na hasira, kwa sababu mtu akiona mzee wa miaka 80 amefungwa mkanda mwekundu hudhani amedanganywa. Mikanda mitano ya watu wazima, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, hupima unachoweza kufanya. Kuanzia hapo kwenda juu kinachopimwa ni miaka ya kufundisha na kuitumikia sanaa. Kwa hesabu ya IBJJF, daraja la 1 hadi la 3 katika mkanda mweusi kila moja hudai miaka 3, na la 4 hadi la 6 kila moja hudai miaka 5, jumla miaka 24. Daraja la 7, ambalo mkanda wake una vipande vya rangi nyekundu na nyeusi, hudai miaka 7 zaidi. La 8, lenye nyekundu na nyeupe, miaka mingine 7. Na la 9, ambalo ndilo nyekundu tupu, miaka 10 juu ya hapo. Jumla ni miaka 48 tangu siku ya kupata mkanda mweusi. Daraja la 10 limefungwa: ni la waanzilishi, Carlos, Oswaldo, Gaston, George na Hélio. Kwa hiyo ukimwona mtu wa miaka 40 mtandaoni amejifunga mkanda mwekundu wa jiu-jitsu ya Brazili, huna haja ya kuniletea video yake ili niichambue. Chukua 40, toa 48.

"Magwiji wote ni wanaume"

Wazazi hunitolea hoja hii wanapowakataza binti zao, kwamba hata huko Brazili hakuna mwanamke aliyefika mbali. Yvone Duarte alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Brazili kupewa mkanda mweusi, mwaka 1990. Alifundisha na kushindana, akapanda daraja moja baada ya jingine kwa hesabu ileile niliyoieleza hapo juu, na mwaka 2021, miaka 31 kamili baadaye, akawa mwanamke wa kwanza kufungwa mkanda wa nyekundu na nyeusi.