Je, wajua kwa nini yoyo ikitengenezwa moja tu inakula mamilioni, na zikitengenezwa elfu hamsini kila moja inakula mia tano tu?

Ukiingia kwenye maduka ya zawadi pale Mji Mkongwe, Zanzibar, unakuta kiholda cha funguo cha plastiki bei yake ya kawaida tu, halafu pembeni kuna kinyago cha mpingo ambacho bei yake inakufanya ukirudishe taratibu pale ulipokitoa. Wengi wanasema ni kwa sababu plastiki ni rahisi. Ni kweli ni rahisi, ila hiyo ni sehemu ndogo sana ya jibu, na jibu lenyewe linaonekana vizuri ukiangalia wanafunzi wa chuo cha MIT, kule Cambridge, Massachusetts, Marekani, wanavyotengeneza yoyo.

Yoyo naongelea kile kitoto cha kuchezea, visahani viwili vimeunganishwa na kijiti katikati, unafunga uzi, unakishusha kinapanda chenyewe. MIT kuna kozi ya uinjinia wa mitambo, wenyewe wanaiita kwa namba, 2.008, na kwa miaka mingi sasa wanafunzi wanagawanywa timu timu, kila timu inabuni yoyo ya kwake, inachora kwenye kompyuta, inatengeneza sampuli, inachonga moldi (umbo la chuma au alumini ambamo plastiki ya moto inasukumwa) kwa CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inazalisha makumi ya yoyo zinazotakiwa kufanana, halafu mwisho wanakaa chini kupiga hesabu moja ingegharimu shilingi ngapi (wao dola). Kila timu inakuja na sura yake na mwisho wanabaki na kitu cha mkononi cha kukumbukia darasa, na mimi naona ni moja ya masomo bora kabisa ya uinjinia duniani, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuishia kwenye mchoro mzuri, lazima kitu kitoke, kitoke tena, na kikitoka mara ya arobaini kiwe kilekile.

Sasa twende kwenye pesa. Tuchukue namba za mfano tu ili hesabu iwe rahisi. Tuseme moldi imekula milioni 5, na kila yoyo ikitoka inakula shilingi 400 ya plastiki, umeme, uzi na muda wa mashine. Ukitengeneza 50 tu, kila moja inabeba 100,000 ya moldi, jumla 100,400, hakuna mtu atanunua. Ukitengeneza 1,000 inashuka mpaka 5,400. Ukifika 50,000 moldi imebaki shilingi 100 tu kwa kila moja, yaani yoyo nzima 500. Plastiki ni ileile, moldi ileile, mashine ileile, kilichobadilika ni idadi tu! Ndo maana darasani hawaishii kwenye zile chache walizotoa, wanaangalia pia ingekuwaje kama zingetoka nyingi za kiwandani.

Kinyago hakina hiyo bahati. Mchongaji wa Kimakonde, au wale wachonga mawe wa Tabaka kule Kisii, hana moldi ya kulipia, mtaji wake wa vifaa ni mdogo, lakini kipande cha mia kinamla karibu muda uleule wa kipande cha kwanza. Kwa hiyo bei haina pa kushukia, na mteja anayemwambia fundi apunguze kwa sababu ananunua kumi anaomba kitu ambacho hesabu ya kuchonga haikitoi, anachopunguziwa ni jasho la mtu.

Ila idadi sio yote, na hapa ndo patamu, maana gharama kubwa inaamuliwa kwenye mchoro, kabla hata plastiki haijayeyushwa. Mfano unene. Plastiki ya moto ikishasukumwa ndani ya moldi inabidi usubiri ipoe, na muda wa kupoa haupandi sawa na unene, unapanda kwa kipeo cha pili, ukitoa ukuta wa milimita 2 ukaweka wa 4 unasubiri karibu mara nne, na mashine inalipiwa hata ikiwa imesimama inasubiri. Halafu sehemu nene inapopoa inajikunja kwa ndani na juu panabonyea. Kwa hiyo yoyo inayotaka uimara haijazwi plastiki tu, wanabuni kuta nyembamba zenye mbavu kwa ndani.

Kuna na pembe. Kuta zikiwa wima kabisa kipande kinang'ang'ania kwenye moldi, kwa hiyo zinalazwa kidogo, kama digrii 1 au 2, kwa sababu ileile kishimo cha chuma cha vitumbua kimelazwa kuta ili kitumbua kitoke bila kuchanika.

Lakini kinachotesa timu kweli ni kusinyaa. Plastiki inasinyaa ikipoa, ile aina inayoitwa polipropilini inapoteza kama asilimia 1 mpaka 2.5, yaani pete ya milimita 50 inaweza kupungua zaidi ya milimita nzima, na yoyo nyingi za hawa wanafunzi zina vipande vinavyobanana bila gundi, kile kikisinyaa kuliko hiki basi ama hakiingii ama kinadondoka ukirusha. Ndo maana mtu mjanja anaacha chuma kingi kwenye moldi makusudi, anatoa vipande vya majaribio, anapima, halafu anachonga kidogo tena, kwa sababu chuma kupunguza ni rahisi, kurudisha ni balaa.

Na sampuli wanazitoa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, haina moldi, ila kila moja ni ghali. Tuseme 6,000. Turudi kwenye zile namba zetu, tofauti na 400 ni 5,600, gawanya milioni 5 kwa 5,600 unapata karibu 893. Chini ya hapo printa inashinda, juu ya hapo moldi inashinda, na hesabu hii kijana yeyote anayetaka kutoa zawadi za utalii Arusha au Mombasa anaweza kuipiga kwa simu leo leo akiweka bei zake halisi.

Ukienda kwa mtengeneza moldi nenda na idadi kichwani, maana hilo ndo linaamua moldi yenyewe iwe ya nini. Ya alumini inachongeka haraka na bei yake nafuu, inatosha kwa maelfu kadhaa, ya chuma kigumu ni ghali zaidi lakini inaweza kutoa vipande laki na laki.